Majike ishirini, kila mmoja jicho moja: kwa nini tisa walijivua gamba badala ya kutaga

Kisa kiko hivi. Kituo cha kuzalisha vifaranga vya kambamiti kimepokea majike 20 na madume 20 wa Penaeus monodon, yule kambamiti mkubwa mwenye mistari, waliovuliwa baharini. Majike wana gramu 100 kwenda juu, hawana vidonda, na mgongoni hakuna dalili ya mayai. Wamepumzishwa siku tano kwenye tangi la duara lenye kipenyo cha mita 4, chumvi 32 kwa elfu, joto nyuzi 28, mwanga umepunguzwa. Siku ya sita asubuhi majike wote wakakatwa jicho moja, kama ilivyo desturi ya vituo vingi duniani tangu miaka ya 1970, ili watage.

Siku kumi baadaye hesabu ni hii. Watatu wamekufa ndani ya saa 48. Tisa wamejivua gamba kati ya siku ya pili na ya sita, bila yai hata moja. Sita wametaga, lakini mayai ya wawili kati yao hayakuanguliwa kabisa. Wawili waliobaki walianza kujaza ovari, kisha kivuli cha mgongoni kikafifia na kupotea. Tangi lilikuwa moja, na maji, chakula na mkono uliokata vilevile. (Hesabu zimepangwa kwa ajili ya uchambuzi, ili makosa ya kawaida yaonekane ndani ya tangi moja. Makosa yenyewe hayakubuniwa.)

Mwenye kituo atamlaumu ngisi waliyelishwa, kwamba alikuwa wa zamani. Fundi ataulaumu mkasi. Huenda kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila tisa waliojivua gamba hawaelezwi na ngisi wala mkasi. Wanaelezwa na kile kilichomo ndani ya kikonyo cha jicho.

Kikonyo hicho ni zaidi ya mpini wa jicho. Nyuma ya sehemu ya kuonea kuna vifundo vya neva vilivyopangana, na kwenye kifundo kilicho karibu zaidi na kichwa kuna shada la seli linaloitwa ogani X. Seli hizo zina mikia mirefu inayoishia kwenye tezi ya sinasi, ambayo licha ya jina lake haitengenezi kitu. Ni ghala. Homoni hutengenezwa kwenye ogani X, husafirishwa kwa mikia hiyo, huhifadhiwa ghalani, na neva zikitoa amri humwagwa kwenye damu.

Zile kubwa ndani ya ghala hilo ni ndugu: peptidi, yaani protini fupi, zenye asidi amino sabini na kitu, zilizofungwa kwa madaraja matatu ya salfa. Moja huzuia ovari isijaze kiini. Ya pili huzuia tezi Y, iliyoko mbele kifuani, isitoe homoni ya kujivua gamba. Ya tatu hupandisha sukari kwenye damu mnyama anapopata shida, na ina mkono pia katika kusawazisha chumvi mwilini. Pamoja nazo kuna peptidi ndogo za rangi, zinazokusanya au kutawanya chembe za rangi ndani ya ngozi. Katika mwaka wa 1928 mtafiti Perkins alionyesha kwamba uduvi wa jenasi Palaemonetes akitolewa vikonyo hubaki mweusi-mweusi, na akidungwa maji yaliyotokana na vikonyo hivyo hupauka. Kaa wa ufukweni mwenye gando moja kubwa hufanya kinyume: ukimtoa vikonyo, hupauka. Homoni zilezile za jicho, lakini rangi inayotawala kwa huyu siyo inayotawala kwa yule.

Basi anayekata jicho haongezi homoni yoyote. Anaondoa nusu ya breki, na breki zenyewe ni kadhaa. Fundi anamkusudia mmoja tu kati ya hao ndugu, yule wa ovari, lakini wembe hauchagui. Historia yenyewe ilishatuonya. Zeleny, mwaka wa 1905, aliona kwamba kaa aliyeondolewa vikonyo hujivua gamba mapema kuliko kawaida. Panouse alipogundua kule Ufaransa kwamba uduvi aliyeondolewa kikonyo hukuza ovari nje ya msimu wake, mwaka ulikuwa 1943. Gamba lilitangulia kuonekana kwa miaka 38. Ndani ya tangi nako, mara nyingi ndilo linalotangulia.

Swali la kisa hiki ni kwa nini breki moja ifunguke kwa huyu na nyingine kwa yule, na jibu liko kwenye kalenda ya gamba. Kambamiti haishi maisha ya kawaida kisha siku moja akajivua. Muda wote yuko mahali fulani kwenye mzunguko. Hatua A ni saa chache baada ya kujivua, mwili ni kama utomvu. Hatua B gamba ni kama karatasi nene, likibonyezwa linarudi. Hatua C ni gamba gumu, lililokamilika, na ngozi iliyo chini yake imetulia. Hatua D ni maandalizi: ngozi inaachana na gamba la zamani na kuanza kusuka jipya chini yake. Kwa kambamiti wa jamii hii, hatua D inachukua zaidi ya nusu ya mzunguko mzima. Anayekamata majike 20 bila kuwachagua ategemee kwamba wengi wao wameshaanza kujiandaa kujivua, hata kama kwa macho wanaonekana wako imara.

Jike aliye hatua D tayari homoni ya gamba imeanza kupanda kwenye damu yake. Tezi Y hutoa ekdisoni, ambayo tishu nyingine huigeuza kuwa 20-hidroksiekdisoni, na hiyo ndiyo yenye nguvu. Kiasi chake mwilini ni kidogo mno: walioitambua Australia mwaka wa 1966 walichakata takriban tani moja ya mabaki ya kamba kochi wapate kama miligramu 2. Tezi Y inapokuwa imeshaamka hivyo, kumwondolea jike nusu ya breki ni kama kumsukuma mtu ambaye tayari anateremka mlima. Anajivua ndani ya siku chache. Ovari inangoja, kwa sababu mwili hauwezi kusuka gamba jipya na kujaza mamia ya maelfu ya mayai kwa akiba ileile. Hao ndio tisa wetu.

Aliye hatua C ana tezi Y iliyolala. Breki ikilegea, wa kwanza kuitikia ni mfumo wa mayai: ovari na ini-kongosho (kiungo cha kusaga chakula na kuweka akiba) zinaanza kutengeneza protini ya kiini, vitelojenini, na mgongo unaanza kuweka kivuli. Hao ndio sita waliotaga.

Aliye hatua A au B hana gamba la kuziba jeraha. Damu inavuja, na sukari aliyoitumia kujivua bado hajairudisha. Wawili kati ya wale watatu waliokufa walikatwa asubuhi ya kuamkia usiku waliojivua. Maganda yao hayakuonekana kwa kuwa yaliliwa usiku uleule, jambo la kawaida kambamiti wanapokaa pamoja. Aliyewashika alisema tu kwamba walikuwa laini kidogo. Neno hilo peke yake lilitosha kuwarudisha tangini.

Wa tatu alikuwa na gamba gumu, hakuvuja damu, na alikufa akielea ubavu. Huyo hapimwi kwa macho. Majike wa baharini wanaweza kubeba virusi vya madoa meupe bila dalili, na kukatwa jicho ni aina ya shida inayoviamsha. Tangu virusi hivyo vilipozuka kwenye mashamba ya Msumbiji mwaka wa 2011 na Madagaska mwaka wa 2012, kituo chochote cha upande huu wa Bahari ya Hindi kinachoingiza majike wa porini bila kupima kipande cha mguu wa kuogelea kwa PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi) kinacheza kamari. Maiti ya huyu ilipaswa kwenda maabara, si jalalani.

Tugeukie hatua yenyewe ya kusoma gamba, kwa maana hapo ndipo kazi yote ilipopotea, na inamgharimu fundi dakika mbili kwa kila jike. Mshike ndani ya maji kwa kitambaa kilicholowa, macho yamefunikwa. Kata kipande kidogo cha ukingo wa pezi la mkia, kiasi cha ncha ya kucha, kiweke kwenye kioo na tone la maji ya bahari, tazama kwa hadubini ya kawaida kwa ukuzaji wa mara 40 hadi 100. Usiangalie katikati ya pezi. Angalia ukingo, pale vinywele vinapoota.

Hatua A na B, vinywele vimejaa utomvu wenye chembechembe hadi karibu na ncha, na shina la unywele halijajenga koni yake. Hatua C, koni zimesimama safi chini ya kila unywele, na ngozi yenye rangi imejaa hadi kwenye mzizi wa vinywele bila kuacha nafasi. Hatua D inapoanza, ngozi hiyo inarudi nyuma. Unaona ukanda mweupe, angavu, kati ya mizizi ya vinywele na ukingo wa rangi. Mwanzoni ukanda ni mwembamba na ukingo umenyooka; baadaye ukingo unakuwa wa mawimbi, kisha ndani yake unaona vinywele vipya vimejikunja vikingoja siku yao. Ukiuona ukanda mweupe, usikate. Mrudishe jike tangini, mpe alama, mngoje ajivue, ajamiiane, gamba ligumu, ndipo aingie kwenye zamu.

Vituo vingine hutegemea kubonyeza gamba la shavu kwa kidole. Kidole kinamtambua aliye laini, kwa hiyo kingewaokoa wale wawili waliovuja damu. Hakimtambui aliye hatua D ya mwanzo, maana gamba lake ni gumu sawasawa na la hatua C. Kidole kisingewaokoa wale tisa.

Sasa mayai yasiyoanguliwa. Daftari la tangi lina dokezo ambalo hakuna aliyelifuatilia: siku ya tatu ya mapumziko, maganda mawili yaliokotwa chini na kutupwa. Majike wawili walijivua siku hiyo. Jike wa Penaeus monodon hupokea mfuko wa mbegu za dume akiwa laini tu, usiku wa kujivua, na huuhifadhi kwenye kipokezi kilichofunikwa kati ya miguu ya tano ya kutembea. Kipokezi hicho ni sehemu ya gamba. Gamba likitoka, mbegu zinatoka nalo. Madume wa tangi hili walikuwa wamefika siku tatu tu kabla, bado wana uchovu wa safari, na hawakupanda. Siku ya kukatwa, majike hao wawili walikuwa na gamba lililokwisha kukaza, hatua nzuri kabisa kwa upande wa homoni. Wakajaza mayai, wakataga vizuri, na maji hayakuwa na mbegu hata moja. Hapo mfumo wa homoni ulifanya kazi yake. Kilichokosekana ni mtu wa kugeuza jike tumbo juu na kutazama kipokezi: kilichobeba mbegu huwa kimetuna na kina weupe unaoonekana kupitia gamba, kitupu huwa bapa na kina rangi ya mwili.

Wale wawili ambao kivuli kilipotea wanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa sababu inaweza kuwa mkono au chakula. Kwanza mkono. Namna mojawapo ya kukata ni kupasua tufe la jicho kwa wembe na kukamua vilivyomo. Ogani X iko upande wa ndani, karibu na kichwa. Anayekamua tufe peke yake anatoa sehemu ya kuonea na kuacha sehemu kubwa ya kiwanda. Jike amepofuka upande mmoja bila faida. Ukamuaji sahihi unaanzia chini ya kikonyo kwenda nje. Ndiyo maana kibano chenye ncha zilizopashwa moto ni salama zaidi mikononi mwa fundi wa kawaida: unabana kikonyo chini ya tufe, karibu na shina, sekunde chache hadi kigeuke rangi na kunyauka, unaachia. Hakuna damu, na kikonyo kinadondoka chenyewe baada ya siku kadhaa. Uzi uliofungwa kwa nguvu kwenye shina nao hufanya kazi hiyohiyo. Mkasi mtupu ndio wa mwisho kuchaguliwa.

Lakini hawa wawili walianza kujaza, kwa hiyo breki ililegea. Jicho la pili bado lilikuwa linatoa sehemu yake, na ovari iliyoanza inahitaji mafuta ya aina maalumu ambayo mwili wa kambamiti hauyatengenezi vya kutosha. Ngisi na kome pekee hawatoshelezi. Minyoo ya baharini ya kwenye tope ndiyo inayoleta tofauti, ikiwa imekaguliwa magonjwa au imegandishwa. Ovari isipopata chakula inajila yenyewe: mayai yaliyoanza hunyonywa na kurudi mwilini. Usumbufu nao huchangia. Jike anapimwa mgongo kwa tochi mara moja kwa usiku, kuanzia siku ya tatu, tochi ikiwa ndani ya maji na mwanga ukipita ubavuni. Kuwapitia kila saa, au kuwainua kwa wavu ili kuhakikisha, ni njia ya kupoteza mayai. Ovari iliyoiva huonekana kama bomba jeusi kutoka kichwani hadi mkiani, na kwenye pingili ya kwanza ya tumbo inapanuka kwa umbo la almasi. Akionekana hivyo jioni, ahamishiwe tangi lake la kutagia la lita 300 hadi 500. Kwa kawaida hutaga usiku huo kabla ya alfajiri.

Katika hali kama hii kuna pendekezo litakalotoka kwa mtu tangini, na lazima likataliwe: kwa kuwa hawajataga, wakatwe na jicho la pili. Kambamiti asiye na vikonyo vyote hana breki ya gamba, hana homoni ya kumpandishia sukari anaposhikwa, na anashindwa kusawazisha chumvi. Atakufa, mara nyingi akiwa katikati ya kujivua, nusu ndani ya gamba nusu nje. Hata aliyebaki na jicho moja ameshapunguziwa kinga hiyo. Kwa wiki mbili za kwanza joto lisibadilike zaidi ya nyuzi moja, chumvi isiyumbe, na wavu uguse maji kwa sababu tu.

Kuhusu njia mbadala, kwa ufupi. Mwaka wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mahidol, Thailand, waliwadunga majike wa spishi hii RNA yenye nyuzi mbili, molekuli ya vinasaba inayozima jeni ya homoni ya kuzuia ovari. Ovari ziliiva na majike wakataga bila kukatwa jicho. Huko ndiko kuchagua breki moja na kuziacha nyingine, lakini dawa hiyo si ya kununua dukani. Serotonini nayo, kemikali ya mawasiliano ya neva, ikidungwa, husukuma ovari kwa kupitia upande wa vichocheo badala ya kuondoa kizuizi. Sheria pia zinabana: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kilimo-hai, namba 2018/848, inakataza kukata jicho na kila mbinu inayofanana nako, kufunga uzi na kukamua kukiwemo. Kituo kinacholenga soko hilo hakina haja ya kujifunza kibano cha moto. Kianze moja kwa moja na chakula bora, giza, na majike waliozaliwa shambani vizazi kadhaa.

Kwa wale tisa, kazi haijaisha. Wameshajivua, jicho moja halipo, na saa ya gamba imeanza upya. Usiku wa kujivua ndio usiku wa kupandwa, kwa hiyo madume wenye gamba gumu wawe humohumo tangini, taa zizimwe kabisa, na asiwepo mtu wa kumshika aliye laini. Siku ya tatu baada ya kila kujivua, jike ageuzwe mara moja tu, kipokezi kitazamwe. Kikiwa kimetuna, anawekewa alama kwenye kikonyo kilichobaki kwa kipete chenye namba, na tochi ya jioni inaanza. Kikiwa kitupu, anaweza kutaga lakini mayai hayatafaa, na kumpandikiza mfuko wa mbegu kwa mkono kumeshachelewa kwa mzunguko huu, kwani kunafanyika akiwa bado laini. Huyo anangoja gamba linalofuata, na kwa kuwa breki yake ni nusu, halitachukua muda mrefu kama la wenzake wenye macho mawili.